Mtaalamu wa Sifongo

Alikuwa anaogopa maji. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililotuchekesha Bangwe nzima alipohamia kwangu. Mwanamke mtu mzima, mtumishi wa serikali, kaletwa Kigoma kuchunguza viumbe wanaoishi chini ya Ziwa Tanganyika, na yeye mwenyewe haingii ziwani kupita vifundo vya miguu. Kwao ni Dodoma, tena vijijini, ambako maji ni ya kuchota na kujitwisha, si ya kuzama ndani yake. Wimbi dogo tu likija alirudi nyuma kashika gauni. Mume wangu alimuuliza siku ile ile ya kwanza, "Sasa Mtaalamu, hao wadudu wako utawafuataje?" Akajibu bila haya, "Utawafuata wewe. Mimi nitawasubiri huku juu." Na ndivyo ilivyokuwa kwa miaka yote aliyokaa kwetu.

Jina analo, zuri tu, la ubatizo. Lakini mtaa ulimwita Mtaalamu, akaitika, basi na mimi sitabadilisha. Alipanga chumba na sebule upande wa uani kwangu. Mimi ni mtu wa dagaa. Shughuli zangu ziko Kibirizi, natoka mapema narudi mchana nanuka, na wapangaji wengi waliopita walikuwa wakifunga madirisha nikikaribia. Yeye hakufunga. Alisema huko kazini kwake anafuga vijidudu vinavyonuka kuliko dagaa wangu. Sikujua kama amenisifu au amenitukana, nikaamua kwamba amenisifu.

Salamu zake zilikuwa mtihani. Alijifunza neno moja la Kiha, mwakeye, ambalo ni la kumsalimia mtu asubuhi, akalipenda, akawa analitumia kutwa nzima. Jua linazama anapita mbele ya wazee, "Mwakeye!" Wazee wanaitikia vizuri, akishapita wanacheka mpaka wanashikana mabega. Nilimsahihisha. Akasema, "Najua, lakini wanafurahi." Mtu wa namna hiyo utamfanyaje.

Sasa niseme kilichomleta. Siku moja alikuja na beseni, ndani mna jiwe, na juu ya jiwe kuna kitu cha kijani kimetandaa, laini, kina vitundu. Nikamwambia huo ni ukoga, mbona hata kwenye mawe tunayofulia upo, tunausugua. Akaniangalia kama niliyemtukania ndugu. "Huyu ni mnyama," akasema. Nikacheka, nikamuuliza mdomo wake uko wapi. Akasema hana. Macho? Hana. Miguu? Hana. "Basi Mtaalamu, huyo si mnyama, huyo ni msiba."

Naye akacheka, kisha akavuta kigoda. Alikuwa na tabia hiyo, akitaka kukueleza jambo anakaa chini kwanza, hata kama wewe umesimama na ndoo kichwani. Akaniambia huyo ni sifongo. Mwili wake wote ni matundu. Maji yanaingia huku, yanatokea kule, naye anachuja humo chakula chake. Kazi yake mchana na usiku ni hiyo tu. "Sasa fikiria," akasema. "Hawezi kukimbia. Hawezi kung'ata. Ziwa limejaa vijidudu na vyote vinapita ndani yake, lakini haozi. Ana kitu cha kujikinga. Mimi nataka kukijua." Akasema katika bahari za mbali wenzake huyu wameshawafaa watu: iko dawa ya virusi, na nyingine ya saratani, ambazo wataalamu walizitengeneza kwa kuiga vitu walivyovikuta kwa sifongo wa baharini. Nikamuuliza, na huyu wa kwetu? Akasema, "Huyu wa kwetu hajaulizwa vya kutosha."

Baadaye aliongeza kwamba mara nyingine hata si sifongo mwenyewe anayetengeneza hiyo kinga, ni vijidudu vidogo vinavyoishi ndani yake, wapangaji, naye anawahifadhi na wao wanamlinda. Nikamwambia basi na wewe unilinde. Akasema atajitahidi.

Katika mambo yote alikuwa mpole, ila moja. Usimwambie umekunywa dawa nusu. Hapo alikuwa mkorofi wa kutisha. Mume wangu aliota jipu kwenye paja, akaenda duka la dawa kununua vile vidonge vya rangi mbili, akameza siku mbili, jipu likapungua, vilivyobaki akaviweka kabatini visubiri jipu lijalo. Ndivyo tunavyofanya wote, tuseme ukweli. Mtaalamu alipojua, alikuja mlangoni kwetu asubuhi na jioni. "Baba Hadija, umemeza?" Mume wangu anajificha chooni, yeye anangoja nje. "Nasikia unakohoa humo ndani, Baba Hadija. Umemeza?" Alieleza kwamba vijidudu ukivipiga nusu nusu, vinavyosalimika vinakuwa sugu, na kesho vikimwingia mwingine dawa ile ile haiviwezi. Alisema hospitali zimeanza kupata wagonjwa wa namna hiyo, kidonda tu, kidonda cha kawaida, kila dawa wanayopewa inapita kama maji. "Ndiyo maana nalizunguka hili ziwa lenu," akasema. "Dawa zilizopo zinatuishia."

Na mtu huyo huyo aliyewasimamia wengine wameze dawa, yeye akiumwa hapelekeki hospitali. Alikuwa anaogopa sindano. Homa ilimshika mvua za mwanzo, akajifungia na chai ya tangawizi, mpaka nikaingia chumbani kwake nikamvika viatu mwenyewe. Njia nzima kwenye bajaji alikuwa anauliza kama hawana vidonge. Nilimwambia aibu hii nitaihadithia mpaka kwa wajukuu.

Nilifika kazini kwake mara moja. Nilitegemea mitambo, nikakuta chumba cheupe, meza, na jokofu lililobandikwa karatasi isemayo chakula hakiruhusiwi. Akanionyesha sahani zake, vile visahani vya plastiki vyenye mfuniko, ndani kuna kitu kama uji ulioganda. Juu ya ule uji anapanda vijidudu, vinaota vinaufunika wote kama ukungu. Kabla havijaota anaweka vipande vidogo vya karatasi alivyovichovya kwenye maji ya sifongo aliyesagwa na kulowekwa. Kesho yake anatazama. Kama karatasi haina kitu, vijidudu vinaota mpaka mlangoni kwake. Kama ina kitu, panabaki duara safi kuizunguka. "Hilo duara ndilo ninalolitafuta," akasema. Nikamuuliza ameyapata mangapi. Akafunika sahani. "Nipe muda."

Alikuwa na msemo wake, nao ulikuwa huu: sahani si mtu. Kila aliyemuuliza habari za dawa alipewa huo. Kitu kinaweza kuua kijidudu kwenye sahani, alisema, na kikimwingia mtu kikamuua mtu. Au kikapita tu kisifanye lolote. Hata maji ya betri yanaua vijidudu, nani anakunywa? Na alikuwa na mwingine: jambo likikufurahisha, lirudie kabla hujalisema. Huu wa pili aliuvunja mwenyewe mara moja, na hiyo mara moja ndiyo iliyotugharimu.

Aliyemzamia sifongo wake ni mume wangu. Alikuwa na ujuzi. Ujana wake aliwahi kuwazamia wafanyabiashara wa samaki wa mapambo, wale wadogo wenye rangi wanaosafirishwa hai kwenda nje, kwa hiyo mawe ya chini huko ameyazoea. Mtaalamu alimpa kisu butu, mifuko, na maelekezo marefu. Mzigo wa kwanza ulifika umeoza. Barafu iliyeyuka njiani, jua la mchana, sifongo wakawa uji wenye harufu ambayo hata mimi wa dagaa nilitoka nje. Mtaalamu alisikitika, akamwambia Baba Hadija, kwa upole lakini kwa mkazo, "Naomba sana, visiniozee tena. Vikioza kazi yangu yote imekufa."

Toka siku hiyo havikuoza tena. Vilifika vizuri, visafi, vimeoshwa, vimepangwa kama zawadi ya kupeleka ukweni. Yeye akavisaga, akaviloweka, akaweka karatasi zake.

Na duara likatokea.

Sitasahau alivyoingia uani. Nilikuwa nachambua maharage. Akanishika mikono na maharage yangu, akanizungusha, yeye ambaye kwenye kwaya yao anasimama nyuma kwa sababu hawezi kwenda na wenzake. "Limetokea!" Akasema ni kwa kijidudu cha tumbo, kile kinachoharisha watoto. Kile cha majipu hakikufa, kilikaa tu kinamtazama, lakini cha tumbo kilikimbia mbali na karatasi. Mume wangu akaja, akaelezwa, akajiona naye daktari. Tulichinja kuku. Mtaalamu alikula na kusema na kusema, na kila jirani aliyepita nje akaitwa aje asikie.

Mimi nikampigia simu mama yangu, kijijini Simbo. Nilimwambia na ningemwambia tena. Kama kwenu kuna habari ya dawa na mama yako ana kidonda, utanyamaza?

Mama alikuwa na kidonda cha mguu. Jembe lilimgusa shambani, kitu kidogo, ila mama ana sukari na sukari haina kitu kidogo. Kidonda kilikula kuelekea juu. Hospitali walimsafisha, wakambadilishia dawa moja baada ya nyingine, mwisho daktari akasema mguu ukatwe chini ya goti kabla sumu haijapanda mwilini. Mama akasema atafikiri. Mama yangu akisema atafikiri maana yake hataki. Alikuwa mkulima maisha yake yote, mihogo, maharage, michikichi, na mkulima wa mguu mmoja alikuwa hajawahi kumwona. Sasa aliposikia kuna dawa imetoka ziwani, akapata neno la kumjibu daktari. "Nangoja," akasema. "Mpangaji wa mwanangu anaitengeneza."

Nilimwendea Mtaalamu. Nikamwambia nipe hata kichupa kimoja, tumpake tu, si kunywa. Akakataa. Nikamkumbusha kuku. Akakataa. Akasema sahani si mtu, nikamwambia mama yangu si sahani na mguu wake si karatasi, na kama unacho kitu na hutoi basi roho yako mbaya. Nilisema hayo kwa sauti, majirani wakasikia. Hakunijibu kwa hasira. Alisema, "Mpeleke mama hospitali. Dawa hii, kama ni dawa, itachukua miaka. Mguu hauna miaka." Nikamwambia basi kamwambie mwenyewe. Akaingia ndani, nami sikumsemesha siku kadhaa. Nilikuwa na hasira naye kwelikweli, na hata leo siioni kuwa ilikuwa hasira ya kijinga.

Mama akaendelea kungoja. Nilikwenda Simbo nikabembeleza, kaka zangu wakabembeleza, imamu akaja. Mguu ulikuwa umeanza kubadilika rangi. Yeye anauliza tu, "Mtaalamu amefikia wapi?"

Sasa sikia ilivyofumuka. Tulikuwa tumepatana kiasi cha kula pamoja tena, mchana wa Jumapili, ugali na migebuka, samaki wa ziwani kwetu. Mtaalamu alikuwa hana raha. Alisema Baba Hadija alipokuwa safarini yeye alimtumia mzamiaji mwingine, kijana mmoja wa Katonga, akamletea sifongo wabichi kabisa, na duara halikutokea. Amerudia, halikutokea. Labda ni wa jiwe jingine, labda ni majira. Mume wangu akatikisa kichwa, kwa masikitiko ya fundi aliyesikia kazi yake imeharibiwa na mwanagenzi.

"Hao watoto hawajui kuhifadhi," akasema. "Mimi vyako nikishavitoa tu navitia chumvi. Chumvi ya Uvinza, ile ya mawe, naiponda. Vinalala nayo hadi asubuhi. Ndipo navisuuza nakuletea. Bila chumvi vingeoza kama mara ile."

Mtaalamu alikuwa ameshika tonge. Akalirudisha kwenye sahani. Akauliza polepole, "Vyote?"

"Vyote. Kwani nikuletee vibovu?"

Kwetu hapa kitu kinachotoka ziwani kikasafiri kinatiwa chumvi au kinaanikwa. Hakuna anayeuliza na hakuna anayeelekeza. Mume wangu alichukua ile amri ya visiniozee, akaitekeleza kama ambavyo mtu yeyote wa Kigoma angeitekeleza, kisha akavisuuza ili mgeni asikute mchanga wa chumvi. Alikuwa na hakika kwamba anamfanyia hisani, na kwa kweli ilikuwa hisani. Mtaalamu akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. Akasema kile kijidudu cha majipu chumvi haikisumbui, kinaivumilia. Cha tumbo ndicho kisichoiweza. "Kilikuwa kinaniambia siku zote," akasema. "Cha majipu kilikuwa kinaniambia ni chumvi." Hakumlaumu Baba Hadija hata kwa neno moja. Alimuuliza kama bado kuna mchuzi, akamaliza chakula chake, akanawa mikono.

Kisha akaniambia, "Vaa, twende Simbo."

Nikamwambia kesho. Nikamwambia mambo haya yana namna yake, kwanza ukawaone wakubwa wako, wanategemea wageni kutoka Dar es Salaam waje kuona hilo duara. Akasema wakubwa wake hawana kidonda. Tukapanda bodaboda mbili, jua kali, vumbi lile jekundu, yeye kajifunga mtandio usoni.

Mama alikuwa ukumbini, mguu umewekwa juu ya gunia la maharage. Alimkaribisha kwa furaha nikaona aibu. Mtaalamu akaamkia shikamoo, safari hii kwa Kiswahili, akakaa chini kwenye mkeka kama kawaida yake anapotaka kueleza jambo. Hakuzunguka.

"Mama, dawa haipo. Nilikosea. Iliyoua vijidudu vyangu ni chumvi."

Mama akamtazama. "Chumvi hii ya mboga?"

"Hiyo hiyo."

"Chumvi hata mimi ninayo," mama akasema.

Kuku wakapita ukumbini. Mimi nililia, sioni haya kusema, nililia kwa sababu nilikuwa na mimi nangoja ile dawa bila kujijua. Mama hakulia. Akamuuliza, "Watu wakikosea huko kazini kwenu, huwa wanakuja mpaka kwa watu namna hii?"

"Wengine hawana mtu anayewangoja," Mtaalamu akasema.

"Kwa hiyo unasema wakate."

"Nasema wakate, mama. Tena kesho, si keshokutwa."

Mama akautazama mguu wake. Akauliza kama atajifunza kutembea. Mtaalamu akasema hajui, hajawahi kukatwa mguu, ila atamtafutia anayejua. Nadhani ni hilo la kusema hajui ndilo lililomshinda mama. Kesho yake tulimpeleka. Daktari alisema tungechelewa kidogo zaidi asingekuwa anakata mguu, angekuwa anatuandikia cheti cha kifo.

Mtaalamu akaenda kwa wakubwa wake akaeleza yale yale, bila kupunguza. Wageni hawakuja. Kazi ya sifongo ikasimamishwa. Na mji, mnaujua, ukampa jina jipya: Mama Chumvi. Wapagazi wa Kibirizi walikuwa wakimwona wanaulizana kwa sauti bei ya chumvi. Yeye anawasalimia, "Mwakeye," saa kumi jioni. Nilikuwa tayari kupigana na mtu, lakini alinikataza. Alisema jina hilo ni la haki na pengine litamkumbusha kuonja kabla ya kupakua. Baada ya muda akahamishiwa Mwanza. Siku ya kuondoka mama alikuja stesheni kwa magongo yake, akamletea chupa ya mawese. Walikaa pamoja kwenye benchi hadi treni ilipokuwa tayari, na sikusikia walichoongea.

Miaka ikapita. Mama akazoea. Analima akiwa amekaa, anahama mstari kwa mstari na kigoda, anagombana na wajukuu kwa mwendo wao wa polepole. Akawa akiniuliza mara moja moja, "Rafiki yangu amepata?" Namwambia sijui mama.

Mwaka huu, kiangazi, nilikuwa Ujiji kwenye shughuli ya harusi, nikamwona mwanamke ameinama ufukweni, gauni limepandishwa na kufungwa kiunoni, yumo majini mpaka mapajani. Nikamtambua kwa mgongo. Amestaafu, nywele zimekuwa nyeupe, amenenepa kidogo. Nikamwita. Akatoka akilowa, akanikumbatia na maji yake yote, nguo yangu ya harusi ikaharibika, sikujali.

Alikuwa amepanga chumba Ujiji. Akasema anakuja kila kiangazi na chuo kimoja kinampa nafasi kwenye maabara yao, akipeleka vitu vyake mwenyewe, kwa mkono wake, kutoka majini mpaka mezani. Nikamtania, "Bila chumvi?" Akasema bila chumvi, na maji yote anayosuuzia anayapima kwanza. Kisha akatazama huku na huku, mtu ambaye zamani aliwaita wapita njia waje kula kuku.

"Lipo," akasema.

"Nini?"

"Duara. Dogo. La sifongo mbichi, wa huku na wa upande wa Katonga pia. Nimerudia, wenzangu wengine wamerudia bila mimi kuwepo, tena hawakujua kipi ni kipi. Na safari hii ni kile cha majipu na vidonda. Kile kilichonicheka."

Nikamsogelea. Kwa sababu kuna jambo nilikuwa sijamwambia. Wiki ile ile mama alikuwa amenionyesha kati ya vidole vya mguu wake uliobaki palipochubuka, padogo, panatoa maji. Nikamwambia. Nikaona uso wake unabadilika, furaha yote ikaondoka.

"Hospitali wamepaona?"

"Bado. Anasema patakauka."

"Mpeleke leo. Acha harusi, mpeleke leo. Na hili nililokwambia la duara usimwambie."

Nikakasirika, nisifiche. Miaka yote yule bibi anauliza, anakuombea, ameukosa mguu, na leo kitu kimepatikana asiambiwe? Atafurahi, nikamwambia. Ana haki ya kufurahi.

"Atafurahi," Mtaalamu akasema. "Halafu atangoja."

Alinishika mkono, mkono wake wa baridi wa ziwani, akasema itachukua miaka, pengine yeye mwenyewe hataiona, pengine haitakuwa dawa kamwe. Nikamwambia wewe mwanamke una roho ngumu. Akasema, "Nenda, jua linakwenda."

Nilimkuta mama ukumbini anapukuchua mahindi. Nikamwambia nimekutana na rafiki yake Ujiji. Akaacha mahindi.

"Kapata?"

Neno lilikuwa mdomoni. Lilikuwa tamu, na lilikuwa kweli, na sijawahi kutamani kumpa mama kitu kama nilivyotamani kumpa lile.

"Hajapata," nikasema. "Kasema twende hospitali leo."

Mama akaukunjua mguu wake, akautazama kwenye vidole. "Kama ni yeye kasema," akasema, "nipe magongo."

Walipasafisha, wakampa dawa, nami nilisimama mlangoni kila asubuhi na kila jioni mpaka alipomaliza kidonge cha mwisho. Pamefunga. Mguu upo. Na kila akimaliza kuswali mama huinua mikono akamwombea yule mwanamke wa watu, Mungu amwonyeshe anachokitafuta. Mimi nakaa pembeni yake, naitikia amina.